Maji ya Mwenyekiti

Nkololo, Bariadi

Mwanangu Kabula,

Mwangaluka. Ungekuwepo ungeitikia "Mwangaluka, mayu" huku umejifunika shuka mpaka kichwani, na mimi ningekuvuta mguu.

Hapa nyumbani wote hawajambo. Baba yako hajambo, goti ndilo linamsumbua akitoka zizini, lakini anatembea. Anakusalimu, ingawa hajui kama nakuandikia. Bibi yako hajambo, macho tu. Bado anamwita Minza kwa jina lako, na mdogo wako siku hizi amechoka kumsahihisha, anaitika tu. Minza naye hajambo, amerefuka, ile sketi yako ya shule inamfika panapotakiwa. Ng'ombe hawajambo, yule wa pembe moja amezaa ndama jike. Pamba imeota vizuri upande wa bondeni, huku juu imeshikwa na jua. Mimi mama yako sijambo kiasi changu.

Mwenyekiti nimemweka mwisho makusudi. Ni habari zake zilizonifanya nichukue kalamu.

Naandika kwenye daftari lako la Baiolojia, kurasa zile zilizobaki wazi. Minza alitaka aniandikie, akasema mama wewe uliishia darasa la nne. Nikamwambia darasa la nne linatosha kumwandikia mtoto niliyemzaa.

Kabula, huyo paka wako amekuwa mgonjwa wa mkojo. Si mara moja. Inaondoka, inarudi.

Ilianza mvua za kwanza baada ya kukulaza pale karibu na uzio wa minyaa. Nilimwona anachuchumaa kwenye majivu nyuma ya jiko, anajikamua, hakuna kitu. Anahama hatua mbili, anachuchumaa tena. Kisha anajilamba kule nyuma na kulia sauti nzito ambayo sijawahi kuisikia kwake. Nikadhani amefunga choo, nikampa mafuta ya kupikia. Akayatapika. Mama Shija akapita akasema mbonyeze tumbo. Nikambonyeza kidogo, akaniparua mkono, na alikuwa na haki yake, maana daktari aliniambia baadaye ningeweza kumpasua kibofu.

Asubuhi ya pili nikapata hofu. Baba yako alikuwa mbali shambani, nikasimama kwenye kichuguu nikamwita kwa sauti: "Baba Kabula! Njoo! Mwenyekiti hajakojoa tangu jana!"

Wewe ndiye wa kulaumiwa. Wewe ndiye uliyempa jina hilo siku ya kwanza alipopanda kiti cha baba yako akakataa kushuka. Mimi nilikuambia tumwite Pusi kama paka wa watu wengine.

Basi jua halijapanda vizuri, kitongoji kizima kinajua. Mama Shija amekwishapeleka uji nyumbani kwa mwenyekiti wetu wa kitongoji, amempa pole yeye na mkewe. Mzee akaja hapa na fimbo yake, amevaa koti, amesimama mlangoni. "Mama Kabula," akasema, "nasikia nimeziba." Nilitaka ardhi inimeze. Nikamwonyesha paka ndani ya tenga la kuku. Akainama akamtazama muda, akasema, "Pole, mwenzangu. Kazi hii ya uenyekiti ina mambo." Ndipo nilipocheka mara ya kwanza tangu uondoke, Kabula. Nilicheka mpaka nikalia, na sikujua lini kicheko kiliisha na kilio kikaanza.

Nikampakia kwenye bodaboda mpaka Bariadi mjini, kwa daktari mmoja wa mifugo mwenye duka la dawa. Dereva akaniuliza njia nzima, "Mama, paka? Huyu anayekula panya?" Nikamwambia endesha. Daktari ni kijana mpole. Alimshika tumbo akasema kibofu kimekuwa kigumu kama limau. Akamchoma sindano ya usingizi, akampitishia mpira mwembamba sana. Mkojo ulitoka na damu. Akaniambia, "Mama, mkojo wake una mchanga. Anakula nini?"

"Dagaa," nikasema.

"Wakavu?"

"Wakavu. Kila siku."

Alisema na mengine, nikaitikia ndiyo daktari, ndiyo daktari. Lakini akili yangu ilishafunga pale pale. Mchanga. Dagaa. Si wanaanikwa kwenye mchanga kule ziwani? Si hata sisi tukila tunasikia kwenye meno? Nikajua adui yangu ni nani.

Nilirudi nikaanza kuosha dagaa. Nilikuwa nawaosha maji saba, Kabula. Nawakata vichwa, nawaosha tena, nawaanika upya juu ya bati safi mpaka wakauke kau kau, ndipo nampa. Bibi yako akawa anasema hata padri hali dagaa wasafi namna hii. Sikujali. Siku ile hospitali uliniambia, "Mayu, Mwenyekiti asikose dagaa." Hukuniomba kitu kingine. Nikajiambia hatakosa, na mchanga hautaingia.

Akaziba tena.

Safari hii aliyemwona ni baba yako. Unamjua anavyosema paka si mnyama, ni mgeni asiyeondoka. Alikuwa anakaza kamba ya ndama, akasimama kumtazama. Akasema, "Huyu anakwenda kufa. Dume la ng'ombe la baba yangu lilikufa hivi hivi, linanyanyua mkia, hakuna kinachotoka." Hakuniuliza. Alimtia ndani ya koti lake, kichwa kimetokeza kifuani, akapanda bodaboda yeye mwenyewe, mimi nikafuata na nyingine.

Nilimwambia daktari kwa uchungu, "Nimewaosha maji saba!" Akavua miwani. Akanitazama, akamtazama baba yako, akaanza kucheka polepole, kisha akaona uso wangu akaacha.

"Mama," akasema, "si mchanga wa ziwani. Huu unajitengeneza mle mle kibofuni. Ukichemsha maji ya magadi ukayasahau jikoni, chini ya sufuria unakuta nini?"

"Magadi yamegandamana," nikasema.

"Basi. Mkojo wake ni mzito. Anakula vikavu na maji hanywi. Mpe chakula chenye mchuzi, usitie chumvi. Na maji, mama. Maji, maji, maji."

Halafu akaniambia jambo lililonikaa. Kila wakipitisha ule mpira, njia inavimba, inazidi kuwa nyembamba. Akiziba tena huenda usipite. Nisingoje kesho. Nikiona dalili asubuhi, nimlete asubuhi hiyo hiyo.

Nilitoka pale nikiwa mtu mwingine. Sikuwa na hofu tena, au niseme hofu ilikuwepo lakini ilikuwa na kazi ya kufanya. Maji! Nani anajua kazi hiyo kunishinda mimi? Miaka kumi na tisa, tangu walipotuambia una seli mundu na yule sista akasema damu ya mtoto huyu inataka maji, neno langu la kwanza asubuhi lilikuwa gani? "Kabula, umekunywa maji?" Na wewe unajibu, "Mayu, mimi si mpunga." Kikombe chako cha bluu nilikijaza mimi kwa mkono wangu, nakiweka kwenye kigoda karibu na kitanda, nakwenda zangu, nikirudi ni kitupu. Nakijaza tena. Nikawa najisifu kwa majirani kwamba wangu anakunywa vizuri.

Basi nikamwekea Mwenyekiti bakuli mlangoni, bakuli jikoni, bakuli chini ya mtungi, sufuria kuukuu pale anapolala. Hanywi. Anakuja, ananusa, ananitazama kama nimemtukana. Nikamlambisha kwenye kidole. Nikamtilia mchuzi wa utumbo wa kuku, mchuzi akalamba, maji hataki.

Kikombe chako hakuna aliyekigusa tangu msiba. Kilikuwa juu ya kabati, kinaangalia chini. Mwezi uliopita tulipoanza kutayarisha misa yako ya mwaka nikasema nikioshe, watu watakuja, wasikione na vumbi. Nikakiosha, nikakijaza maji ili nikisuuze, nikakiweka kwenye kile kigoda chako, Bibi akaniita. Niliporudi nikasimama mlangoni.

Mwenyekiti alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma, ya mbele iko juu ya kigoda. Akachovya mguu mmoja, akaulamba. Akachovya tena, akaulamba. Kisha akaingiza kichwa chote mpaka masikio yakalala nyuma, akanywa. Hakunywa kama paka anayeonja. Alikunywa kama mtu aliyezoea kikombe chake, aliyekinyimwa mwaka mzima.

Kabula.

Nikamwita Minza. Nikamuuliza polepole, huyu paka alizoea lini kikombe hiki? Akatazama chini. Akasema, "Dada alinikataza kusema."

Niliketi kitandani kwako. Nilikasirika, nisikufiche. Nilisema maneno peke yangu mle chumbani. Nilijiona mjinga mimi na sifa zangu kwa majirani. Ile mikono yangu yote iliyochota maji, kumbe nilikuwa nanywesha paka. Ndiyo maana alipokuwa na wewe hakuugua hata siku moja. Uliondoka, kikombe kikapanda kabatini, naye akaanza kukauka.

Baadaye hasira ikashuka. Nilimkumbuka yule daktari wa hospitali aliponiita pembeni akasema ni kifua, mama, kifua kilishambuliwa ghafla, usitafute kosa jikoni kwako. Nimeamua kumwamini. Nimeamua, Kabula, sijalazimishwa. Na nikakuona vile ulivyokuwa, umelala ubavu, unamsogezea kikombe kwa kidole na kumwambia haraka, mayu anakuja. Nikacheka tena. Umenichekesha mara mbili tangu ufe, na mara zote ni kwa mkojo wa paka.

Sasa nikuambie tulivyo. Kikombe cha bluu ni chake. Kinajazwa asubuhi, mchana na jioni, na sitoki mpaka nimemwona kwa macho akinywa. Sirudii kosa lile. Nimemtilia majivu yaliyochekechwa kwenye karai, asubuhi naangalia mabonge ya mkojo. Mabonge mawili, moyo wangu unatulia. Bonge moja, namfuata nyuma kama askari. Wiki iliyopita nilikuta vitone vitatu vidogo tu. Sikumaliza hata kufagia. Tenga, bodaboda, mjini. Daktari akamshika tumbo akasema umemuwahi, mama, kibofu kimewashwa tu, hakijajaa. Sindano, tukarudi. Yule dereva sasa akiniona na tenga haulizi kitu, anawasha pikipiki.

Hajapona. Daktari amesema wazi kwamba ugonjwa huu ukishamzoea mnyama hurudi. Sawa. Urudi unikute mlangoni.

Na baba yako. Tangu msiba hakuwa amelitaja jina lako. Sasa kila asubuhi akitoka zizini, kabla ya kunawa, anauliza, "Amekojoa?" Namwambia amekojoa. Juzi akaongeza, "Na Kabula alikuwa anasumbua hivi hivi kwenye maji." Kisha akaenda zake. Ni maneno machache lakini nimeyaweka.

Kuna kitu nataka uniruhusu. Dagaa wakavu nimeacha kumpa. Najua nilikuahidi, ulikuwa umenishika kidole ukisema. Nampa utumbo na vipande vya nyama vilivyochemshwa kwenye maji mengi. Jumapili nampa dagaa wawili watatu, wamechemka mpaka wamelainika, wanaogelea. Ahadi nimeivunja ili huyo uliyemwombea aishi. Ukikasirika kasirika, mimi siachi.

Misa yako imekaribia. Mwenyekiti wa kitongoji amesema atakuja mapema kusaidia kupanga viti, na kwamba ana haki ya kukaa karibu na mwenzake.

Nakuaga sasa, mwanangu, kurasa zimebaki tatu na Minza anataka kuzitumia. Lala salama pale. Minyaa nimeipunguza upande wako ili upate jua la asubuhi. Huyu uliyeniachia hatakufa kwa kiu mikononi mwangu; siku yake ikifika itakuwa ya jambo jingine, si hilo.

Ila nijibu haraka. Bibi yako anasema aliyetangulia hujibu kwa ndoto, basi njoo, hata kwa dakika moja, usihangaike na salamu, sisi wote hatujambo nimeshakuambia. Sikuulizi ili nikugombeze. Nataka kujua kitu kimoja tu, nikijaza hiki kikombe nijue ninachojaza. Mlikuwa mnagawana? Hata nusu, Kabula? Wewe ulikunywa hata nusu?

Mimi mama yako,
niko hapa na jagi mkononi.