Ngazi Niliyoiruka

Kwa kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi cha vumbi la kazini kimekuachia. Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, mashine yake ya darizi inanguruma tangu asubuhi, nami ni yuleyule Kiherehere, jina ulilonibandika.

Shangazi ameniambia ulimuuliza kwa nini Mama hapokei simu zako, mwezi wa pili sasa. Yeye hajui. Mimi najua, ila kwenye simu ningeishia kuulizia hali ya hewa, ndiyo maana naandika.

Unaikumbuka kompyuta uliyomwekea Mama mfumo wa Linux pale karakanani kabla hujaondoka. Ilifanya kazi miaka sita bila kununa. Kisha chuo cha wauguzi kikatuagiza nembo mia mbili za sare za mahafali, na tovuti yao, ambako tungeuchukua mchoro wa nembo, ikakataa kufunguka, eti kivinjari chetu kimepitwa na wakati. Kivinjari kipya nacho kikadai mfumo mpya. Nikamwambia Mama hilo ni jambo dogo, aniachie mimi.

Karatasi yako ya maelekezo ilikuwa bado imebandikwa ndani ya droo, na niliisoma. Uliandika nipandishe mfumo toleo moja baada ya jingine, nisiruke hata moja, na kabla ya yote ninakili michoro ya Mama. Mbele yetu kulikuwa na matoleo matatu. Nikaona, ya nini kupanda ngazi zote hizo na miguu ya kuruka ninayo? Nikafungua ile orodha inayoiambia kompyuta ikachukue wapi programu zake, nikafuta jina la toleo letu, nikaandika la mwisho kabisa. Michoro nikaivutia kwenye flashi kwa sekunde mbili. Sekunde mbili, kaka! Michoro ya miaka kumi na moja! Mtu mwenye akili zake angeshtuka.

Saa tano asubuhi kazi ikakwama katikati. Programu mpya haiingii mpaka ya zamani itoke, na ya zamani imegoma kutoka. Nikazima, nikawasha. Kioo cheusi, mistari mitatu ya maandishi meupe, basi. Nikakimbilia kwa jirani yetu mpiga chapa, nikachomeka flashi kwenye kompyuta yake. Kumbe nilikuwa nimenakili zile alama za njia ya mkato tu, michoro yenyewe sikuigusa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nilivunjika yote mawili.

Niliporudi, Mama alikuwa ameketi juu ya robota la kitambaa. Mahafali yalikuwa yamebaki siku nne. Hakuuliza habari za nembo, aliuliza kama hata lile ua lake la kwanza, alilochora akiwa bado anajifunza, limepotea. Kisha akauliza nani kaharibu. Nilichomjibu nitakisema, usinikatize.

Nikamwita fundi kompyuta wa mtaa wa pili, tunayemwita Miwani kwa kuwa ana moja machoni na nyingine kichwani. Mama alikuwa ameenda kutafuta nyuzi. Miwani akaiwasha kompyuta kwa flashi yake, akachungulia, akacheka. Akasema aliyeipanga hii alikuwa fundi kweli, maana diski ameigawa, mfumo kwake na mafaili kwake. Akafuta mfumo wote, akaweka mpya, na hakuna hata ua moja lililoguswa. Programu ya darizi ikatusumbua nusu siku, haiitambui mashine, mpaka alipogundua kuwa mfumo mpya haujatupa ruhusa ya kuutumia waya wake. Nembo zikakamilika Ijumaa, kabla ya mahafali.

Sasa lile jibu. Nilimwambia Mama umeharibu wewe. Nilisema uliiweka vibaya tangu mwanzo, harakaharaka, mawazo yako yakiwa safarini. Akasema kumbe ndivyo ulivyotuaga. Tangu siku hiyo hakutaji ila kwa kusema "huyo kaka yako". Miwani nilimsihi asijisumbue kumweleza Mama habari za diski, nitaeleza mwenyewe. Sikueleza. Mama akanisifu mbele ya wateja kwamba nimeokoa kazi, nami nikakivaa kilemba hicho cha ukoka mpaka leo. Kazi yako ndiyo iliyotuokoa, kaka, na mimi nikakusingizia. Naona haya. Nisamehe.

Nimemsomea Mama barua hii mpaka hapo. Alizima mashine, akasikiliza yote. Mimi hajanitazama, na sidai. Amesema neno moja tu, kisogo kwangu, akitafuta chaja ya simu: "Mwandikie mwanangu apige. Mimi nitaona haya kuanza, lakini sitaiacha simu ilie mara ya pili."

Shangazi anakusalimu sana. Miwani naye anakusalimu, anakuita fundi na hajakuona.

Ni mimi mdogo wako,
Kiherehere