Hapana ya Mama

Kerman, tarehe 6 mwezi wa Dey

Kwako kaka yangu Kiumars,

Pokea salamu zangu za heshima na mapenzi, wewe na wifi Heather na mtoto. Naomba baridi ya huko isiwe imewazidi, na kile kikohozi cha mtoto kiwe kimepungua. Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi, ila usingizi sina. Arobaini ya Mama ilipita salama. Halua ilitosha, majirani walijaa mpaka kwenye ngazi, na Mama mdogo Eshrat alilia hadi sauti ikamkauka.

Barua yako imefika. Umeniuliza swali moja tu: Mama alikukasirikia nini hata akakataa kuja kwako, na je, alikufa na kinyongo? Umesema swali hilo linakutafuna mwaka wa pili sasa. Nimeisoma barua, nikaikunja, nikaikunjua tena. Nitakujibu, lakini nivumilie nianzie mbali kidogo, maana kulisema jibu lenyewe naona uzito.

Kazi yangu unaijua, kusomesha Kiingereza pale chuoni juu ya duka la keki. Kila muhula, wiki ya kwanza, nawafundisha neno dogo kuliko yote: "no". Huwa wananicheka. Safari hii bwana mmoja muuza mazulia, Zarrinkelk, akaniambia mwalimu acha utani, hilo hata mbuzi wangu analijua. Nikamwambia haya, umekwenda ugenini, umekaribishwa chai, umesema "no", kinafuata nini? Akajibu kwamba mwenyeji atamsihi, naye atakataa tena, atasihiwa tena, ndipo apokee, kwani yeye kafa njaa? Nikamwambia huko kwa wenye Kiingereza chao hakuna kusihiwa, ukikataa mara moja birika linarudi jikoni. Darasa likaangua kicheko. Bi Mahvash akadakia kwamba ndiyo maana shemeji yake alirudi kutoka Toronto amekonda kama uzi. Nakueleza haya, kaka, ili nisije nikajitetea kwamba sikujua. Nalijua neno hilo, na ndilo linalonilisha.

Sasa ikumbuke ile Ijumaa. Wewe ulikuwa zamu, Heather akapiga simu ya video. Alisema chumba kimeshapakwa rangi, barua ya mwaliko iko tayari, Mama aje akae nanyi miezi sita amwone mjukuu wake. Nikamtafsiria Mama. Ungemwona uso wake! Alijiweka mtandio sawa, akasema hapana mwanangu, nitawasumbua bure, nyie vijana mna maisha yenu. Hapana hiyo unaijua. Ndiyo ile aliyokuwa akikatalia chai huku mkono umeshaanza safari ya kukifuata kikombe.

Nikamgeukia Heather nikamwambia "no". Basi, sikuongeza kitu. Naye kwa adabu za kwao akasema ameelewa, anauheshimu uamuzi wa Mama, akaaga. Mama akabaki ameikodolea macho simu. Akaniuliza, ndiyo imeisha? Hakunisihi? Nikamwambia imeisha.

Kesho yake ukanipigia chuoni. Uliniuliza waziwazi: Farangis, Mama amekataa kweli au ni taarofu tu, kukataa kwa adabu ili asihiwe, maana mke wangu hazijui adabu zetu? Nikakujibu kwamba ni kweli, Mama hataki, usimbane, mwache mtu mzima apumzike. Ukasema, haya basi.

Nilikudanganya, kaka. Mama alitaka kuja. Alitaka kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka tangu Baba afariki.

Ukiniuliza kwa nini, sina sababu ya kujivunia. Nilijua miezi sita itazaa mwaka, na mwaka utazaa mwingine, na mimi nibaki na kuta. Baba nilimuuguza mimi, miaka minne, namgeuza, namwosha, wewe unatutumia picha za theluji. Roho iliniuma. Nilijiambia, hata huyu mmoja waliyenibakizia wanataka kunichukulia! Ulikuwa wivu na woga wa upweke, hakuna zaidi.

Nilidhani atasahau, kumbe wapi. Kila ulipopiga simu alivaa gauni zuri, akakaa mkao wa kusubiri. Wewe ulikuwa umeumia, hukuligusa tena jambo lile, na yeye unamjua, kujialika asingeweza hata kwa mtutu wa bunduki. Ukishakata simu ananiuliza, hivi mama mzazi hasihiwi hata mara ya pili? Pengine nyumba yao ni ndogo, pengine mkwe hanitaki. Mimi nainamia makomamanga yangu, namenya. Mara mia niliweza kumwambia, na mara mia nikanyamaza.

Baada ya arobaini nilifungua kabati lake kugawa nguo. Nikakuta pasipoti. Alikwenda kuitoa peke yake, na magoti yale, siku kumi na moja baada ya simu ya Heather, bila kunidokeza. Kurasa zote ni tupu. Nimeitia humu kwenye bahasha kwa sababu ni yako kuliko yangu.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hili: Mama hakukukasirikia hata siku moja. Alikufa akiamini kwamba wewe ndiye usiyemtaka.

Mwambie wifi hana kosa, alisikia kile nilichomwambia. Mpe mtoto busu la shangazi yake, kama bado utapenda awe na shangazi. Nawe ukiniandikia, nakuomba usinisitiri kwa maneno mazuri. Mungu awalinde katika baridi hiyo, na awape heri.

Ni mimi mdogo wako,
Farangis