Kinanda Kimekataa Kunong'ona

Jumapili, 8 Septemba 2024
Aibu gani leo! Tupokigwe wangu – Tunduma nzima hakuna binti wa kumfikia kwenye kinanda, na sisemi kwa vile nimemzaa – leo kapiga kama anatwanga mahindi. Wakati wa maombi, pale pa kupiga taratibu, kinanda kikapayuka. Kefa, mwalimu wa kwaya, akapunguza sauti: hata kiitikio hakisikiki. Akaongeza: waimbaji wakafunikwa. Wa nyuma wakacheka, eti lori limeingia kanisani.

Jumatano, 11 Septemba
Mwanangu hali chakula. Anagonga meza kwa vidole, taratibu, kwa nguvu, taratibu. Ananiuliza, mama, mkono wangu umekuwa mzito? Kefa kasema Jumapili atajaribiwa Gloria wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Mtoto wangu anaachwa!

Alhamisi, 12 Septemba
Nimekumbuka.
Jumamosi ile, siku moja kabla ya aibu, tulifanya usafi kanisani, mimi na mama mwenzangu Agnes. Kinanda nikakipangusa kwa kitambaa changu nilichofuma mwenyewe – kiling'aa! Kataa kadogo, taa ya kitufe kimoja, kakazimika. Nikaona heri, umeme utadumu.
Na sheria ipo: asiyepiga asiguse, kiongozi akigusa anavuliwa uongozi. Niliwasomea akina mama mimi, mwenyekiti wao, kwa sauti!

Jumamosi, 14 Septemba
Nimeenda kanisani nikakawashe kale kataa. Kumefungwa, ufunguo anao Kefa. Tupokigwe kanipakulia kande, kasema, mama, kesho uniombee. Nimeshindwa kumwambia. Kande nimezirudisha sufuriani.

Jumapili, 15 Septemba
Naandika hapa hapa benchini. Gloria kabonyeza taratibu – kelele ileile! Kainama kwenye vitufe.
"Ba Kefa," kasema kwa heshima ya kwao, "mbona mmezima hii ya kuhisi mguso? Ikizimwa, uguse kama unyoya, uguse kama nyundo, sauti ni moja."
Kawasha, kataa kakawaka. Kamwita Tupokigwe, jaribu wewe. Kinanda kikanong'ona! Mkono wa mwanangu mzima! Nimetaka kupiga vigelegele, nikajizuia.
Kwani Kefa kageuka: "Nani alifanya usafi Jumamosi ile?"
Agnes kasimama. Anaapa alifagia tu. Watu wanaguna, mmoja kamwita mwongo. Analia, maskini.
Hajanitaja.
Kitambaa kiko mkobani, nimekishika. Tupokigwe hamtazami Agnes. Ananitazama mimi.
Kefa anauliza tena: "Agnes, ulikuwa na nani?"
Agnes kajifuta machozi. Nimeshaweka mkoba chini, nasimama –