Jabera za Nduguti

Usa River, Arusha
6 Machi 2023

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mjomba Mughwai na watoto wake. Mimi sijambo, kile kikohozi kimeniacha. Baba mkubwa Abdulhamidi na mama mkubwa nao ni wazima.

Najua ungependa nipige simu. Lakini kila tukipigiana unalia, na mimi nalia, mpaka salio linakwisha hatujasema la maana. Bora niandike.

Mama, nimepata kazi. Ni shamba la maua hapa Usa River, asubuhi nachukuliwa na gari la wafanyakazi. Siku ya kwanza msimamizi wetu, dada mmoja anaitwa Febronia, alituingiza kwenye banda kubwa la nailoni, nikasimama palepale mlangoni. Jabera, mama! Banda zima jabera! Nyekundu, za machungwa, za njano, za waridi, nyeupe zenye jicho jeusi katikati. Febronia akaniuliza, "We mtoto, unaumwa?" Nikamwambia siumwi, ila maua haya tulikuwa nayo nyumbani Singida, uani, na mama yangu alikuwa akiyamwagilia kabla hajanywa hata chai.

Nasikia aliyenunua nyumba yetu amemwaga saruji ua mzima. Yale madebe sijui yalitupwa wapi. Baba alipofariki kila kitu kilikwenda haraka. Eda yako ilipokwisha ukarudishwa Nduguti kwa kaka yako, mimi nikaletwa Arusha, na hakuna aliyetuuliza.

Kwenye boksi hili kuna miche mitatu. Nimemkabidhi kondakta wa basi la Singida. Ipande, mama.

Mwanao,
Rukaya


Nduguti
2 Aprili 2023

Mwanangu Rukaya,

Marahaba. Nimefurahi kusikia kifua kimepona, lakini usiache kuvaa sweta, Arusha ina baridi ya kudanganya. Sisi huku wazima. Mughwai mgongo unamsumbua, hasemi, ila namwona anavyoinuka.

Boksi lilifika. Kondakta alimpa dereva wa Noah ya huku, dereva akalileta mpaka mlangoni, akataka kujua ni vifaranga au nini. Nilipofungua nikakaa chini palepale. Yale majani, yenye manyoya kwa chini! Nilikuwa nimeyasahau, ila mkono haukuyasahau.

Sasa nikuambie ukweli. Miwili imeoza. Niliifukia vizuri, nikaimwagilia sana kwa kuihurumia, na hiyo huruma ikaiua. Wa tatu ulianza kuchipua, kuku wa Mughwai wakauchakura asubuhi moja nimekwenda kuchota maji. Nimewafukuza mpaka barabarani, majirani wakanicheka.

Huku wananiita Ziada. Hawakosei, ndilo jina langu, wamenijua nikiwa mtoto. Lakini miaka kumi na sita pale mjini nilikuwa Mama Rukaya, sokoni, msikitini, dukani kwa mama Gita. Mtu akiita Ziada nachelewa kugeuka.

Unakula vizuri? Mama mkubwa wako anakuwekea chakula ukichelewa? Usimwambie nimeuliza.

Mama yako,
Ziada


Usa River
7 Mei 2023

Mama mpenzi,

Shikamoo mama. Mimi mzima, na sweta navaa. Mpe pole mjomba.

Nilimsimulia Febronia habari ya huruma yako akacheka mpaka akashika nguzo. Anasema jabera haipendi kufukiwa. Pale mizizi inapokutana na majani ni kitovu chake, na kitovu kikae juu ya udongo, kipate hewa. Maji yapite pembeni, yasidondokee katikati. Na ukitaka ua usilikate kwa kisu. Shika bua chini kabisa, lizungushe kidogo, livute. Likikatwa, kisiki kinaoza na kuambukiza mmea wote.

Natuma mingine mitano. Kuku uwajengee wao boma, wala si maua.

Kuna fundi wa mipira ya maji hapa shambani, anaitwa Isa Njiku, mtu wa Unyambwa, kwetu Singida. Nilipomsikia anasema "nyie watu wa Arusha mnaongea kama mnafukuzwa" nikajua huyu ni wa kwetu. Ndiye aliyenitobolea boksi matundu, ili miche ipumue njiani. Nakutajia tu.

Mama, njoo. Hata siku mbili. Mwaka unakwisha sijakuona uso. Nikilala nakumbuka ulivyokuwa ukinisuka mlangoni, unanibana kichwa kwa magoti yako nisikimbie. Mama mkubwa si mbaya, mama. Ananipa kila kitu. Ila hajawahi kunigombeza, na mtu asiyekugombeza unakaa kwake kama mgeni.

Mwanao,
Rukaya


Nduguti
20 Agosti 2023

Rukaya mwanangu,

Marahaba. Sote wazima, tumemaliza kuvuna alizeti, mgongo wa Mughwai umepata nafuu.

Limefunguka! Jekundu, la kwanza. Jana asubuhi nilikuta bua limenyooka, halina hata jani moja, na kichwa kimefumba kama ngumi ya mtoto. Nikaenda kuchota maji, niliporudi lilikuwa limefunguka lote, linatazama juu. Mke wa Mughwai akauliza linaliwa? Nikamwambia hapana. Akauliza, basi la kazi gani? Nikaenda kumwagilia.

Miche minne kati ya mitano imeshika. Nimeitundikia gunia kwa ajili ya jua na upepo.

Nimesikia habari za huyo Njiku uliyenitajia tu. Sijasema kitu.

Nakuja. Wiki ya pili ya mwezi wa tisa. Nitakuletea ua kutoka hapa, tuone kama litafika.

Mama yako,
Ziada


Usa River
3 Desemba 2023

Mama,

Shikamoo. Natumaini mu wazima wote.

Nilikungoja mwezi wa tisa wote. Kila nikirudi kazini naangalia viatu mlangoni, kama kuna vya kwako. Mwezi wa kumi nikakuandikia, hukujibu. Nikapiga simu, mjomba akasema umekwenda kisimani. Nikapiga tena, umelala. Saa kumi jioni, mama, wewe umelala?

Njiku ameleta posa na baba mkubwa ameikubali. Nikah ni Ijumaa ya tarehe 16 Februari, kabla ya mfungo. Mama mkubwa amesema atakaa nafasi ya mama, ameshashona nguo. Nilipotaja jina lako pale sebuleni wote walinyamaza, na mimi nikashindwa kulitaja tena, maana ningesema nini? Kwamba mama yangu hajibu barua zangu?

Kama umeamua kuniacha niambie. Nitalia nimalize. Hivi sivyo, mama, hivi nashindwa hata kulia.

Rukaya


Nduguti
14 Januari 2024

Mwanangu,

Salamu nyingi, na hongera kwa posa. Sisi wazima. Nimeanza barua hii mara nyingi.

Nilikuja, Rukaya.

Nilifika Arusha Jumanne ya ile wiki niliyokuambia, na ua langu nimelifungia gazeti bichi. Baba yako mkubwa alinipokea vizuri, nikapewa chai, nikapewa na chapati. Wewe ulikuwa kazini. Nikasema nitangoja. Ndipo akanisogelea akaniambia kwa upole, maana hakuwa mkali hata kidogo, akasema, "Shemeji, mtoto ndiyo kwanza anaanza kuzoea. Miezi yote alikuwa analia, sasa anacheka. Ukikaa hapa jioni hii unamrudisha kule kule. Wewe ulikuwa mke wa marehemu ndugu yangu, tunakuheshimu. Lakini mtoto ni wa kwetu. Mwache akue."

Sikukuzaa. Mama yako alifariki siku uliyozaliwa, mimi nilikukuta una miaka minne, unalala na shati la baba yako. Nikiwa na hasira ningesema mengi, ila sikuwa na hasira. Niliogopa kwamba amesema kweli. Nikamaliza chai, nikaomba asikuambie nimekuja, nikaenda stendi. Lile ua nilimwachia mama ntilie aliyenipa pa kukaa mpaka basi la asubuhi.

Ndiyo maana nilinyamaza. Nilifikiri nikinyamaza utazoea. Mughwai alikudanganya kwa sababu nilimwomba, na kila alipokata simu alitoka nje asinitazame.

Olewa, mwanangu. Njiku namwombea heri. Mama mkubwa akae, amekulisha, ana haki. Mimi sitakuja. Nikija nitakaa nyuma na wageni, nawe utanitafuta kwa macho, na watu wataona. Usigombane na wazee wako kwa ajili yangu.

Ziada


Arusha
17 Februari 2024

Mama,

Shikamoo. Anayekukabidhi barua hii ndiye Isa Njiku. Bado hatujaoana. Mkaribishe akae, ni mrefu, mlango wa mjomba utamgonga kichwa. Asubiri pembeni huko wakati unasoma hii, maana anajua kilichomo na ataona haya.

Barua yako ilinifikia kazini. Nilikaa chini kati ya mistari ya jabera, Febronia akanifunika kwa kanga yake. Jioni nikamwuliza baba mkubwa, ni kweli mama alikuja? Akasema ni kweli. Akasema, tutazungumza baada ya harusi.

Jana Ijumaa wakaja watu. Nilikuwa chumbani, nimevalishwa, mikono ina hina. Shehe akaja na mashahidi wawili mpaka mlangoni. Akaniuliza, "Rukaya binti Mselemu, umeridhia kuolewa na Isa Njiku?" Nikanyamaza. Akauliza tena, nikanyamaza. Wanawake wakaanza kutabasamu, mmoja akavuta pumzi apige vigelegele, maana mwali akinyamaza wanasema ameona haya, amekubali. Nikaona sasa nitaozwa kwa kunyamaza, mama, kama tulivyotenganishwa kwa kunyamaza. Nikasema kwa sauti, "Shehe, sijakubali bado. Mama yangu hayupo."

Mama mkubwa akasema, "Nipo hapa, mwanangu." Nikamshika mkono. Nikamwambia, "Wewe ni mama yangu mkubwa, na nakupenda. Namtaka aliyenilea. Yuko Nduguti. Isa namtaka pia, mwambieni, ila leo hapana."

Nilimsikia baba mkubwa koridoni akimwomba shehe radhi. Nilijua atanipiga au atanifukuza. Aliingia, akakaa kitandani kwangu na kanzu yake mpya, akaangalia mikono yangu muda mrefu. Kisha akasema, "Marehemu baba yako alikuwa mbishi hivi hivi." Akatoka. Nikasikia anauliza Isa ana gari au hana.

Wameahirisha mpaka Ijumaa ijayo. Sili vizuri mpaka uje. Hicho ni kitisho, mama. Njoo unigombeze.

Mwanao,
Rukaya


Nduguti
2 Machi 2024

Mwanangu Rukaya,

Salamu zangu wewe na mumeo. Natumaini mmeshatulia kwenye chumba chenu kipya na maji yanatoka. Nimefika salama. Mughwai amenipokea njia panda, akabeba begi langu kwa mgongo ule ule mbovu, akakataa nisimsaidie.

Kuna jambo hulijui kwa sababu ulikuwa ndani. Siku ile ya Alhamisi Isa aliposimamisha gari, baba yako mkubwa alikuwa nje ya geti, amesimama peke yake juani. Nikashuka, sikujua nianzie wapi. Akaninyang'anya begi. Akasema, "Shemeji, sina la kusema. Pita ndani, mwanao ana njaa." Akatangulia, na mimi nikamfuata, na kuanzia getini mpaka chumbani kwako sikuona kitu kwa machozi, nilifuata kanzu tu.

Nilikupata Alhamisi, Ijumaa nikakutoa. Mama mkubwa wako alinisogezea kiti karibu na chake, tukakaa wawili, tukashikana mikono kama watoto wa shule. Shehe alipokuuliza ukajibu kabla hajamaliza swali, ukumbi wote ukacheka. Nami nilicheka. Halafu lile gari lenu likakunja kona.

Hapa pako kimya. Nimemwagilia, nimepika, nimekaa. Nakukumbuka kuliko nilipokuwa sikuoni kabisa, na nilidhani ingepungua. Ila mwaka ule nilikukumbuka kwa kujificha, nikilia jikoni nikasingizia moshi. Sasa hivi Mughwai ameniuliza mbona ugali unapoa. Nimemwambia nimemkumbuka mwanangu. Akasema, "Haya," akaondoka na sahani yake akakaa nje, akaniacha nikukumbuke.

Mama yako