Mtihani wa Sikio

Glenwood, Durban
Jumapili, baada ya ibada

Mdogo wangu Atuganile,

Mimi kaka yako Ezekieli nina miaka sabini na tisa. Nimewazika wake wawili na mwanangu Tito, na kile kiwanda cha magodoro cha Mobeni, ambacho geti lake nililinda miaka thelathini na moja, kimekufa nikikitazama. Mimi nipo. Pokea salamu zangu. Goti lako vipi, na migomba, na yule ng'ombe asiyekubali kukamuliwa na mwingine ila wewe? Huku tu wazima. Na wewe mpwa wangu Rhoda unayemsomea mama yako, soma polepole, usiruke mahali hata ukifika pabaya. Sesilia alitaka kuninyooshea maandishi, nimemkatalia. Barua ni yangu.

Habari yenyewe ni ya huyo Sesilia, binti wa marehemu Tito. Shuleni amefaulu vizuri, wa tatu darasa zima. Akili hizo zimetoka kwangu, hilo hakuna anayelibisha. Anataka kusomea ufamasia. Lakini chuo cha huku hakitosheki na cheti cha shule, wana mtihani wao wa kuingilia, unafanywa kwenye kompyuta, maswali yaleyale kwa kila mtoto, saa zilezile. Asubuhi ile nilimkalisha nikampa wosia. Nikamwambia sisi watu wa Rungwe hatuachi tuta nusu tukaenda kulima lingine, kwa hiyo asiache swali mpaka alimalize.

Alinisikiliza. Swali la saba likamkalia nusu saa, na muda ulipokwisha maswali kumi na tisa alikuwa hajayaona kabisa. Alama zikaja chini. Hakulia, alifua nguo zote za nyumbani, hata zilizo safi.

Baudouin, Mkongo wa duka la simu hapa chini, aliwahi kuwa mwalimu wa hesabu kwao Bukavu. Alisema ile test iko na mlango wake, na watoto wa matajiri wa kule Berea wanapelekwa masomo ya jioni kuonyeshwa mlango huo: swali gumu liruke, kusanya mepesi, kisha rudi. Akanitania kwamba Papa Ezekieli angefanya yeye, mpaka leo angekuwa bado anabishana na swali la kwanza.

Nikavaa koti langu la mazishi nikaenda chuoni pamoja na Sesilia. Mimi siogopi ofisi. Mama mmoja wa Kizulu alinipokea kwa adabu, akiniita mkhulu, ndiyo babu kwa lugha yao. Akaeleza kwamba mtihani ni mmoja kwa wote, ndiyo haki yake, na kwamba Sesilia anaweza kuurudia mara moja tu. Nikamwambia kitu kimoja kwa wote si lazima kiwe haki. Nikamweleza jinsi sisi tulivyoingizwa shule ya misheni: unapitisha mkono juu ya kichwa, ukishika sikio la upande wa pili umekua, unaandikwa, usipolishika unarudi nyumbani. Nikamwambia ule nao ulikuwa mmoja kwa wote, lakini aliyefundishwa kulaza shingo alilishika. Nikapandisha mkono nimwonyeshe. Akadhani naumwa, akaniletea kiti.

Atuganile, nilikaa kwenye kile kiti mkono ukiwa bado kichwani. Nikaaga. Sesilia akaniuliza njiani mbona nimeaga wakati nilikuwa nashinda. Sikumjibu. Nakujibu wewe.

Unakumbuka baba alisema mmoja wetu atasoma na mmoja atabaki na ng'ombe, na atakayeshika sikio ndiye. Wewe ulikuwa mdogo kwangu kwa mwaka mmoja lakini mikono yako ilikuwa mirefu. Nilikwisha kukuona nyuma ya zizi ukilishika bila taabu. Basi siku moja kabla nilikwambia mwalimu anapenda shingo iliyonyooka kama ya askari, na mkono ukigusa nywele anakuchapa. Nilitunga. Wewe ukanyoosha shingo, ukainua mkono juu hewani, vidole vikaishia karibu na jicho. Mimi nikalaza kichwa begani, nikashika. Miaka yote nimejisifu mbele yako kwamba nilikushinda. Na shule yenyewe niliiacha darasa la nne.

Sesilia nilimpoteza kwa kutojua. Wewe nilikupoteza nikijua. Ndiyo maana barua hii unasomewa.

Sikuombi kitu. Sesilia anaurudia mtihani mwezi ujao, Baudouin anamfundisha kuruka, na mimi nimekatazwa kumpa wosia wowote asubuhi hiyo. Nimekubali, nawe unajua mimi si mtu wa kukubali. Wasalimie majirani na wote wa upande wa mama. Rhoda, ndaga, asante kwa kusoma, na usimpoze mama yako kwa kunitetea.

Ya Durban, Baudouin anayajua, na yule mama wa ofisini aliuona mkono wangu. Ya sikio, mwalimu amekufa, baba amekufa. Shahidi ni wewe: laza shingo, pitisha mkono, utalishika.

Kaka yako,
Ezekieli