Bata Bukini Wasije

Jumamosi, 3 Januari
Sijawahi kumwambia mtu: naomba bata bukini wasije. Mimi, ninayebeba darubini hata shuleni.
Mama yuko kazini ghalani, anapanga matufaha kwenye maboksi. Namsubiri hapa kwenye uzio, kati ya shamba la mahindi yaliyovunwa na ziwa. Kunguru tu. Maji hayajaganda. Vizuri.
Baba yuko mji wa Louisville tangu majira ya joto. Kazi ya bohari. Hataji tarehe. Kwenye kambi ya wakimbizi tulipewa tarehe za kusafiri kuja huku Marekani, zikaahirishwa, tukafungua mizigo tena na tena. Tangu hapo huahidi kwa kitu kinachoonekana kwa macho. "Bata wakishuka pale shambani, nitakuwa nimerudi." Wasiposhuka, hajachelewa.

Alhamisi, 8 Januari
Shule imefungwa. Barafu dirishani, upande wa ndani. Kitabu changu cha ndege kinasema maziwa ya kaskazini yakiganda, bata bukini wanahamia huku. Nimekifunga.

Jumamosi, 10 Januari
Wamekuja. Niliwasikia kabla ya kuwaona. Shamba zima. Shingo nyeusi, mashavu meupe. Wazuri mno. Nimewachukia.
Mama Furaha, anayetuleta kwa gari lake, alicheka: "Nyama yote hii inatembea, na wewe unaiangalia kwa miwani! Bon, haya, niletee hata mmoja, mtoto wangu."
Mama hakucheka. Aliwatazama, glavu mkononi. Wakati wa kurudi aliomba tusimame dukani Grant Street, akanunua sombe, majani ya muhogo anayopenda Baba. Amefua mashuka.

Jumapili, 11 Januari
Baba alipiga simu baada ya ibada. Zamu. Theluji. Gari bovu. Bata hakuwaulizia.
Mama alinipa simu. "Mwambie."
Nikasema, "Baba, bado hawajashuka."
Alishusha pumzi. Niliisikia. "Aa. Donc, basi, tungojee."
Alifurahi. Hilo ndilo baya. Mama alikuwa karibu, alisikia yote. Akaenda kufunika sufuria ya sombe.

Jumatano, 14 Januari
Sombe bado iko kwenye friji. Hakuna anayeigusa. Sina hamu hata ya kusoma.

Jumamosi, 17 Januari
Bado wapo, wanadonoa mabaki ya mahindi kwenye theluji. Mchana Mama alinifuata kwenye uzio, kopo mkononi. Sombe ya Baba. Tuliila baridi, tumesimama, tukipokezana kijiko. Nikampa darubini. Aliangalia muda mrefu, kisha akarudi ghalani.
Nilisafisha kopo kwa theluji. Nikaingia garini mwa Mama Furaha kumsubiri.