Nilisimama Upande wa Jua

Nyumba za Reli, mlango wa mwisho,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa wifi yangu,

Hujambo wewe, na wa kwako hawajambo? Mgongo umetulia? Nakuuliza kwa dhati, maana mara ya mwisho kwenye simu nilikusikia ukiguna kila unapoinuka kitini, halafu ukaniambia ni kiti kibovu. Kiti gani hicho kinachoguna kwa sauti ya mtu? Huku tu wazima. Mama anagombana na kila anayeacha mlango wazi, kwa hiyo ujue afya anayo.

Kabla maneno hayajanizidi, asante kwa kamera. Nakumbuka ilipofika nilicheka, nikasema fundi cherehani na kamera wapi na wapi. Leo anayetaka kuinunua kwangu aje na kiwanja.

Unajua mwenyewe treni la kaka yako nimekuwa nikiliita mke mwenza. Anaamka alfajiri kulifuata, ananirudia shati linanuka dizeli, na wa kulifua ni mimi! Basi siku moja nikabeba kamera yako, nikapanda kilima cha ng'ambo ya daraja ili nimwone huyo mwenzangu akiwa kazini. Wifi, nilikaa chini. Mto uko bondeni, mashamba yamepangana kijani hadi kwenye milima, na treni la mizigo linatoka darajani taratibu, kichwa chekundu mbele, mabehewa yanajipinda nyuma hayaishi. Kumbe mwenzangu mzuri! Tangu siku hiyo kila nikipata nafasi niko kilimani, na wateja wangu wamejifunza kusubiri nguo zao.

Nimejifunza mengi. Likipanda na mzigo linatembea kama mtu mwenye mimba ya miezi tisa, unapiga picha mpaka unachoka. Likishuka tupu, hujafungua kifuniko cha lenzi limeshapita. Na lile somo lako la kwanza, kwamba jua liwe mgongoni kwangu, nimelishika kama amri.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Kaka yako amestaafu udereva mwezi uliopita, hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba katika miaka yote hiyo hatukuwa na picha yake hata moja akiwa kazini. Za harusi zipo, za watoto zimejaa kabati, lakini yeye kwenye dirisha la treni lake, hakuna. Alipoambiwa tarehe ya safari ya mwisho alisema "haya", akaomba chai. Lakini nilimwona anang'arisha viatu, mtu anayekaa mahali ambapo hakuna anayeiona miguu yake. Roho iliniuma. Nikaapa picha hiyo nitaipata, liwalo na liwe. Safari ni moja, haina marudio.

Siku ilipofika nilimpigia pasi shati jeupe. Nikamwambia kwenye kona baada ya daraja anitafute, nitakuwa kilimani. Akasema sawa. Hakuuliza zaidi, nami sikueleza zaidi, na hapo ndipo tulipoharibu.

Nilifika mapema, nikachagua mahali, jua mgongoni. Honi ikaanza kulia mbali, ndefu, si ya kawaida yake. Treni likatokea, bonde limeoshwa na mvua ya jana yake, nikapiga, nikapiga tena. Dirisha lilipokaribia, nani kajaa pale? Msaidizi wake! Meno yote nje, ananipungia mikono miwili. Kaka yako simwoni. Nikapiga kelele, "Yuko wapi?" kama vile treni lina masikio. Mabehewa yakapita yote hadi la mwisho, nami nimesimama nalia kama mtoto.

Wifi, kaka yako hukaa upande wa kulia. Mimi huyu ninajua analalia ubavu gani, ninajua soksi anaanza na mguu upi, lakini sikujua anakaa upande gani wa treni! Jua lilikuwa kushoto, nikalifuata jua. Naye hakuwaza kwamba mkewe anaweza kusimama pengine isipokuwa upande wake. Kona nzima alikuwa amejitokeza dirishani, anavipungia kofia vichaka, anapiga honi. Alirudi nyumbani akiamini sikwenda.

Tukanuniana jioni hiyo. Mama anatutazama kwa zamu. Mara msaidizi akabisha hodi, ameleta mkoba ambao kaka yako aliusahau, na kabla hajakaa akauliza, "Shemeji, kwenye picha nimetokea vizuri?" Tukatazamana. Kaka yako akaelewa, akaanza kutikisika mabega, tukacheka mpaka Mama akasema tunamtia aibu mbele ya mgeni.

Nilisafisha ile picha, kubwa, nikampa. Akaipeleka dirishani kwenye mwanga, akakaa nayo muda mrefu. Hakuwahi kuliona treni lake zima, wifi. Pale alipokuwa anakaa unaona reli mbele tu, na kwenye kioo mabehewa machache. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Yote haya nilikuwa nayavuta mimi?" Nikamwambia ndiyo, baba, yote. Akavua miwani akaipangusa, nami nikajitia kutafuta uzi. Hilo peke yake linatosha kukushukuru hadi naingia kaburini.

Ila mimi bado roho ilikuwa inaniuma. Picha nzuri, mume sina.

Jumamosi iliyopita akaniomba tufuatane kilimani, akanibebea mkoba. Safari hii mahali alichagua yeye, upande wa kulia, jua linatupiga machoni. Nikanung'unika kwamba picha itaungua. Akainua kidole. "Linakuja. Limelemewa leo, sikia linavyohema." Mimi sikuwa nimesikia kitu. Kweli likaja, na kwenye kiti cha kulia sasa yuko yule msaidizi. Alipotuona alipiga honi kona nzima. Kaka yako akasimama, akavua kofia, akaiinua juu, na jua lote likamwangukia usoni. Nikaliacha treni. Nikamgeuzia yeye kamera.

Mabehewa yote yalipita, sikupiga hata moja. Picha niliyopiga ndiyo iliyomo kwenye bahasha hii. Huo mng'ao wa shavuni mwake si wa jua. Ukiongea naye, usimwambie nimekwambia.

Wasalimie shemeji na watoto, hasa yule wa mwisho anayekataa kuongea na simu. Mama anakusalimu, anauliza unakuja lini. Kaka yako anakusalimu. Yuko uani ananihimiza nimalize, jua la kilimani halimsubiri mtu. Mungu akupe mgongo mzima na mikono iliyojaa, kama ulivyoijaza yangu.

Mimi mke wa kaka yako,
nikupendaye bila kupunguza.